Nimenunua laptopu mpya: nihamishe nini kutoka kompyuta ya zamani, na nianzie wapi?

Swali: Kaka, habari za kazi. Nina steshenari hapa Morogoro. Kompyuta yangu ya mezani nimeitumia zaidi ya miaka tisa, ina Windows 10, na siku hizi inazima yenyewe katikati ya kazi. Nimenunua laptopu yenye Windows 11. Fundi wa mtaani kanipa njia mbili: nikopi Desktop na Documents kwenye flashi, basi, au nimpe diski ya zamani aifunge kwenye laptopu. Humo kuna kazi za wateja, hesabu za duka, barua pepe za miaka yote hiyo na picha za marehemu baba yangu. Nifanyeje nisipoteze kitu?

Jibu: Dada yangu, salama kabisa. Kabla hujasoma zaidi naomba uinuke ukafanye jambo moja. Picha za baba na faili la hesabu za duka, zinakili sasa hivi kwenye flashi yoyote uliyo nayo, kisha flashi hiyo ilale nyumbani, siyo dukani. Kompyuta inayozima yenyewe haitoi taarifa ya siku itakayogoma kabisa. Mengine yote tutayapanga kwa utulivu.

Ukimaliza, izime, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa keisi na utoe vumbi kwa brashi laini. Steshenari ina vumbi la karatasi ambalo ofisi ya kawaida haina, na mara nyingi mashine ya mezani hujizima kwa sababu ya joto tu: feni iliyo juu ya prosesa imeziba. Huhitaji ipone, unahitaji ikuhudumie siku nne au tano zijazo. Lakini ukisikia diski inagonga, tak, tak, au faili dogo linachukua dakika nzima kufunguka, hapo ugonjwa uko kwenye diski yenyewe. Usiendeshe programu yoyote ya kuirekebisha, kwa sababu inailazimisha kufanya kazi ngumu ikiwa mahututi. Nakili vya muhimu kwanza, kisha izime umwite mtu anayejua kuokoa data.

Sasa ushauri wa fundi. Kufunga diski ya zamani kwenye laptopu hakutawezekana. Diski ya kompyuta ya mezani kwa kawaida ni ya inchi 3.5, na laptopu za leo nyingi hazina hata nafasi ya ile ndogo ya inchi 2.5, zinatumia kipande chembamba cha NVMe kinachobanwa kwa skrubu moja. Na hata ingeingia, Windows iliyomo imezoea ubao mkuu (motherboard) wa mashine yako ya zamani na leseni yake mara nyingi imefungwa na ubao huo. Kilicho cha kweli katika wazo lake ni kwamba diski hiyo inaweza kusomwa kwa nje, kupitia adapta ya SATA kwenda USB, yaani waya unaoiunganisha diski ya ndani na tundu la USB. Liweke akilini endapo mashine itagoma kuwaka kabla hujamaliza.

Njia yake ya kwanza ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu inaonekana imetosha. Miaka kadhaa iliyopita alinijia mhasibu wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa. Alikuwa amenakili Desktop yake yote kwenye flashi, akaifomati kompyuta ya zamani na kumpa mpwa wake. Nilipoichomeka flashi ile niliona vialama thelathini na kitu, vimepangwa vizuri, na kila kimoja kina kimshale kidogo kwenye kona ya chini kushoto. Nilitazama ukubwa: KB 1, KB 2, KB 1. Flashi nzima haikufika KB 60. Alikuwa amebeba shotikati, yaani vibao vinavyoonyesha njia ya kwenda kwenye faili, na mafaili yenyewe hayakuwamo. Kitabu cha michango ya wanachama kilikuwa kwenye folda iliyokaa moja kwa moja ndani ya diski C, nje kabisa ya Documents, na diski hiyo ilikuwa tayari imeandikwa upya. Sehemu niliiokoa. Iliyobaki waliiingiza tena kwa mkono kutoka kwenye vijitabu vya wanachama, mmoja baada ya mwingine. Bado namwona yule mhasibu akibonyeza kialama kile kile mara tatu, nne, akitumaini safari hii kitafunguka.

Ndiyo maana nasema usianze na mafolda. Anza na kazi zako. Chukua daftari, fanya kazi siku moja nzima dukani kama kawaida, na kila unapofungua kitu kiandike: kazi gani, programu gani, faili linakaa wapi. Kama unafungulia shotikati, ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha mausi uchague Open file location, utapelekwa kilipo kitu chenyewe. Kwenye Word na Excel, ukienda File halafu Info utaona njia ya faili juu. Jioni kaa chini uongeze kazi ambazo hazifanyiki kila siku, maana hizo ndizo husahaulika: kadi za harusi, vyeti vya mahafali ya shule, kalenda za Desemba, nyaraka ulizowahi kupeleka TRA. Daftari hilo ndilo litakalokuongoza, mafolda yatafuata.

Kwa duka kama lako najua mahali ambapo vitu hujificha, basi nikupitishe.

Barua pepe kwanza. Kama unatumia Outlook, nenda File, kisha Account Settings, halafu Account Settings tena, utazame safu ya Type. Ikiwa imeandikwa IMAP au Microsoft Exchange, barua zako zipo kwa mtoa huduma na ukiingiza akaunti kwenye laptopu zitashuka zenyewe. Ikiwa imeandikwa POP, tulia hapo. Kwa POP barua hushushwa kwenye kompyuta na kwa kawaida hufutwa kule zilikotoka, hivyo barua zako za miaka yote zinaweza kuwa zipo mahali pamoja tu duniani: faili moja lenye mwisho wa .pst. Kichupo cha Data Files kwenye dirisha hilohilo kitakuonyesha lilipo. Funga Outlook kabisa ndipo ulinakili. Na hata kwenye IMAP angalia kama kuna faili la pili la .pst, kwa sababu watu wengi waliwahi kuhamishia barua za zamani humo sanduku lilipojaa, kisha wakasahau.

Kazi za ubunifu zinataka vitu viwili: faili na fonti. Ukibeba kadi ya harusi ya CorelDRAW bila fonti yake, itafunguka kwenye laptopu na herufi nyingine, mistari itavunjika, jina la bwana harusi litatoka nje ya fremu, na mteja atakuwa amesimama kaunta anakutazama. Fungua C:\Windows\Fonts, chagua fonti zote ulizoongeza wewe au fundi, uzinakili kwenye folda yake peke yake. Kama Windows ilikuwekea fonti kwa akaunti yako tu, nyingine zitakuwa ndani ya folda yako, AppData\Local\Microsoft\Windows\Fonts. Kwenye laptopu utazichagua zote, kitufe cha kulia, Install. Na kama una kazi za Publisher, ongeza hatua moja: hifadhi kila moja muhimu kama PDF pia. Microsoft imeshatangaza kwamba Publisher inafikia mwisho wake Oktoba 2026, na itaondolewa kwenye Microsoft 365.

Hesabu: kama ni Excel, ni faili tu. Kama ni programu ya uhasibu, usinakili folda kwa kukisia. Tumia kitufe chake chenyewe cha Backup, kisha uchukue na folda ya data juu yake. QuickBooks ya kompyuta mara nyingi huweka vitabu chini ya C:\Users\Public, na Tally ya zamani huweka data ndani ya folda yake kwenye diski C. Zote mbili ziko nje ya Documents. Fundi angepita bila kuziona, na asingekuwa na nia mbaya.

Brauza: ingia kwenye akaunti yako uwashe usawazishaji (Sync), alamisho na maneno ya siri yatakufuata kwenye laptopu. Kunakili folda ya Chrome hakuhamishi maneno ya siri, kwa sababu yamefungwa kwa ufunguo wa akaunti yako ya Windows kwenye mashine ile ile. Ukiyatoa kwa njia ya faili la CSV, jua kwamba faili hilo linasomeka na yeyote atakayelifungua. Litumie, kisha ulifute siku hiyohiyo.

Programu zenyewe hazinakiliki. Kubeba folda ya Program Files ni kupoteza nafasi. Zinatakiwa kuwekwa upya, kwa leseni yako. Andika namba za leseni kwenye daftari, na zile zinazotumia akaunti, kama Photoshop, toka kwenye akaunti ukiwa mashine ya zamani. Halafu, kabla hujafanya lolote, tafuta kama printa na skana yako zina draiva ya Windows 11, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuziendesha. Baadhi ya mashine za zamani hazina, na hilo ni bora ulijue leo kuliko Jumatatu asubuhi ukiwa na foleni.

Kuna kimoja ambacho sitaki uhamishe. Steshenari zote nilizowahi kuhudumia zina folda, kwa kawaida huitwa Scan, yenye maelfu ya vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na barua za maombi ya kazi. Watu walikuja, wakaskani, wakaondoka, na karatasi zao zikabaki kwako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inakuhusu wewe unayeshika taarifa za watu. Mbali na sheria, kitambulisho cha mtu kikiangukia mikono mibaya kinaweza kumletea deni au kesi asiyoijua. Kuhama ni nafasi nzuri ya kuvifuta. Bakiza tu kazi ambazo mteja mwenyewe alikuomba umtunzie.

Sasa chombo cha kubebea. Nunua diski ya nje, ile tunayoita eksteno, ya TB 1, kwenye duka linalotoa risiti na dhamana. Flashi ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya flashi ya GB 32 ni GB 32, au chini ya hapo. Imechezewa ili iitangazie kompyuta ukubwa isio nao. Utanakili bila onyo lolote, majina ya mafaili yatatokea yote, lakini yaliyozidi ukubwa wa kweli hayatafunguka kamwe. Ukiwa na shaka kuna programu ya bure iitwayo H2testw, ya jarida la kompyuta la Ujerumani c't. Inaijaza flashi data kisha inaisoma tena kuona kama yote yamo. Iendeshe flashi ikiwa tupu.

Angalia pia muundo wa diski. Ikiwa ni FAT32, haitapokea faili linalofika GB 4, na faili la barua la miaka tisa linafika huko kirahisi. Ifomati kwa NTFS au exFAT kabla hujaweka chochote. Na ichomeke kwenye tundu la USB 3, mara nyingi lina rangi ya buluu ndani, kama mashine yako inalo. GB 200 kwa mwendo wa MB 100 kwa sekunde ni kama dakika 34. Kwa MB 30 kwa sekunde, unaoupata kwenye USB 2, ni karibu saa mbili. Mafaili madogo madogo huchelewesha zaidi ya hapo.

Kabla ya kuichomeka diski hiyo mpya, safisha virusi. Kompyuta ya steshenari huchomekwa flashi za watu kutwa nzima, na kile kirusi kinachoficha mafolda na kuweka shotikati badala yake kimezunguka Afrika Mashariki nzima. Windows 10 ina Microsoft Defender Offline scan, ambayo huskani kabla Windows haijawaka. Ipe dakika kumi na tano. Kama kuna flashi ya zamani yenye vitu vyako na sasa inaonyesha shotikati tupu, usikate tamaa wala usiifomati. Fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E iwe herufi ya flashi. Mara nyingi vitu vyote viko palepale, vimefichwa tu.

Wakati wa kunakili, funga kila programu: Outlook, brauza, Corel, zote. Nakili, usikate. Ukikata na umeme ukakatika katikati, unabaki na nusu huku na nusu kule, na hujui ipi ni ipi. Kama una UPS, leo ndiyo siku yake.

Unaweza kuburuta folda kwa mausi, lakini kwa mzigo mkubwa mimi natumia Robocopy, iliyomo ndani ya Windows tayari. Ikiwa akaunti yako inaitwa Duka na diski ya nje ni E, amri ya kuandika kwenye Command Prompt ni hii:

robocopy "C:\Users\Duka" "E:\Bekapu\Duka" /E /XJ /R:1 /W:1 /TEE /LOG:E:\ripoti.txt

/E inachukua folda zote za ndani, na AppData iliyofichwa inaingia humo. /XJ inairuka mizunguko ya folda inayoweza kuifanya inakili bila mwisho. /R:1 na /W:1 zinaiambia ijaribu tena mara moja tu, baada ya sekunde moja, kwa sababu ukiiachia ilivyo, Robocopy iko tayari kujaribu faili moja lililogoma mara milioni moja, ikisubiri sekunde thelathini kila mara. Rudia amri hiyo kwa C:\Users\Public, kwa kila folda uliyoiandika kwenye daftari iliyo nje ya hapo, na kwa diski D kama unayo. Mtu akikushauri uongeze /MIR, mkatalie: hiyo hufuta kwenye bekapu chochote kisichokuwepo kule inakotoka, na ukikosea mpangilio wa njia inafuta bekapu yenyewe.

Ikimaliza, fungua ripoti.txt, shuka chini, utazame safu ya FAILED. NTUSER.DAT na wenzake watakuwepo humo, maana Windows inawashikilia muda wote uliomo kwenye akaunti, waache. Ukiona jina la faili lako, tafuta sababu. ERROR 32 maana yake programu nyingine ilikuwa imelifungua. Ifunge, urudie amri, na safari hii itachukua yale yaliyokosekana tu.

Sasa sehemu ambayo watu huiruka. Chomeka diski kwenye laptopu na ufungue vitu. Usiishie kuyaona majina, fungua. Picha ya baba ya zamani kuliko zote, na ya mwisho kupigwa. Faili kubwa kuliko yote. Faili la .pst kupitia Outlook, usome barua moja ya mwaka wa kwanza. Kadi ya harusi, utazame herufi. Kitabu cha hesabu, ulinganishe salio la mwezi uliopita na karatasi uliyochapisha. Mimi siiti bekapu mpaka imefunguka kwenye mashine nyingine.

Vyote vikifunguka, vinakili kutoka diski ya nje kwenda kwenye laptopu. Hapo utakuwa na nakala tatu: ya zamani, ya diski ya nje na ya laptopu. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mahali pengine. Ile ya mahali pengine ndiyo inayokusaidia siku ya moto au mwizi. Wengi watakwambia weka mtandaoni, lakini piga hesabu ya bando kwanza: GB 200 kwa mwendo wa kupandisha wa megabiti 5 kwa sekunde ni saa 89, karibu siku nne mfululizo. Pandisha picha za baba na hesabu tu. Google Drive inakupa GB 15 za bure, zikigawanywa na Gmail yako. Diski ya nje ikae nyumbani, na ukimaliza kuitumia ichomoe, kwa sababu virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia hufunga na kila diski vinayoikuta imechomekwa.

Laptopu yenyewe ina mambo mawili ya kuangalia. Huenda ikawa imesimba diski yake, yaani imeifunga isisomeke bila ufunguo, bila kukuuliza; ufunguo wake wa kuokolea una tarakimu 48 na kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uandike kwenye daftari, na daftari liende nyumbani. La pili, OneDrive inaweza kuchukua Desktop na Documents zako na kuzipandisha mtandaoni hadi GB 5 za bure zijae. Faili lenye alama ya wingu halimo kwenye laptopu. Lina jina tu, na bila bando halifunguki.

Mashine ya zamani usimpe mtu wala usiiuze. Iache pembeni mwezi mzima, bila intaneti, kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kila ukikumbuka kitu kilichosahaulika, kichukue na ukiandike. Ukifika mwezi mzima bila kuirudia, tumia Reset this PC, Remove everything, na uwashe chaguo la Clean data. Bila chaguo hilo, vitambulisho vya wateja wako vinaweza kusomwa tena na yeyote mwenye programu ya kurejesha mafaili. Itachukua saa kadhaa, hivyo ianzishe asubuhi, umeme ukiwa umetulia.